Chipu ya 808 na imani nyingine za wapiga gitaa wa Mwanza

Haupiti mwezi bila mpiga solo wa kwaya kunijia Igoma na pedali ya kijani mkononi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa. "Fundi, nitafutie chipu ya 808." Anamaanisha JRC4558D, ile iliyokuwa ndani ya pedali ya Ibanez TS808 ya mwaka 1979. Ameshaaminishwa kwamba akiipachika tu, gitaa litaanza kulia kama la wakubwa.

Ukweli ni kwamba 4558 ni chipu ya bei ndogo, iliyotumika kwenye vyombo vingi vya sauti ambavyo havina sifa yoyote. TS9 iliyofuata mwaka 1982 ina saketi karibu ile ile. Kinachoitenganisha na 808 ni rezista (vizuizi vidogo vya umeme) mbili za pale sauti inapotokea: 808 ina ohm 100 na ohm 10,000, TS9 ina 470 na 100,000. Wanaoisikia tofauti hiyo huku ngoma zinapigwa, mimi nawavulia kofia.

Sauti ya pedali hii inaamuliwa na kitu ambacho hakuna anayekiulizia: kapasita ya mikrofaradi 0.047 iliyoungana na rezista ya ohm 4,700. Hizo mbili ndizo zinazochagua noti zipi zikuzwe. Chini ya hezi 720 hivi, ukuzaji unaanza kupungua, na ndiyo maana pedali hii inasikika kama mtu anayeimba puani. Toa hiyo 0.047, weka 0.1, na ile hezi 720 inashuka hadi 340 hivi, sauti inanenepa. Kapasita ya aina hii haina chanya wala hasi, unaichomeka upande wowote. Kwa anayeanza, sijaona kazi nzuri kuliko hiyo.

Lakini kunenepa nako kuna gharama yake. Yangu niliibadilisha jioni moja nikiwa peke yangu chumbani, nikafurahi mno. Jumapili, besi na kinanda vilipoingia, solo langu likazama. Hata mwalimu wa kwaya akaniuliza kama nimezima amplifaya. Aliyeikata besi kiwandani alijua kwamba gitaa halipigwi peke yake.

Imani ya pili: dayodi za jerimaniamu hufanya mkwaruzo uwe mkali zaidi. Dayodi kazi yake ni kukata vilele vya mawimbi ya sauti, na swali ni inaanza kukata wapi. Ya jerimaniamu huanza kwenye volti 0.3 hivi, ya silikoni 0.6 hadi 0.7, taa ndogo nyekundu ya LED kama 1.8. Inayokata mapema inaacha wimbi fupi, kwa hiyo ukiweka jerimaniamu sauti inapungua nguvu. Watu wanadhani wameuziwa dayodi mbovu, wanarudi kugombana na muuzaji.

Ukiwa na Boss DS-1, pedali ya tangu 1978, tafuta dayodi zilizoandikwa D4 na D5 kwenye bodi. Ng'oa moja tu, weka LED nyekundu. Upande mmoja wa wimbi utakatwa mapema na wa pili utachelewa, sauti itapanda na kufunguka kidogo. Jerimaniamu usiagize mbali. Redio za zamani za AM zilizolala kwa mafundi wa Makoroboi mara nyingi zina dayodi ndogo ya kioo kwenye sehemu ya kunasa sauti. Ipime kwa mita: ikisoma karibu na 0.3 umepata, ikisoma 0.6 ni silikoni ya kawaida. Kijana mmoja aliniletea LED nyeupe alizozitoa kwenye taa ya kuvulia dagaa. Wazo lake nililipenda, ila nyeupe zinahitaji kama volti 3, na kwenye pedali ya volti 9 karibu hazipati cha kukata. Alichosikia ni chipu yenyewe ikigonga ukuta wa volti zake.

Halafu kuna hii ya volti 18, kwamba umeme mwingi ndio sauti kubwa. Kuna pedali zinazostahimili. Nyingine zina kapasita za volti 10 au 16, na hizo huvimba au hupasuka. Soma maandishi ubavuni mwa kila kapasita kubwa kabla hujajaribu. Na volti zikiwa sahihi, bado kuna nguzo, yaani chanya na hasi ziko wapi: pedali nyingi zinataka hasi katikati ya jeki. Mimi niliwahi kuchomeka adapta ya redio yenye chanya katikati, na harufu yake bado naikumbuka.

Kuhusu swichi inayopitisha sauti moja kwa moja bila bafa (saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kupita kwenye waya), eti "haili sauti": waya wa gitaa una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukitoka kwenye gitaa hadi amplifaya kwa mita 10 au 15 bila bafa hata moja, sauti za juu zinafifia. Bafa moja mwanzoni mwa mstari inasaidia. Usiing'oe.

Wengine wanaogopa kupigwa shoti. Pedali ya betri ya volti 9 haitakufanya kitu. Amplifaya ya balbu za kizamani (valvu) ni habari nyingine, ina mamia ya volti na huyahifadhi hata ikiwa imezimwa; hiyo mwachie mzoefu. Hivyo hivyo pedali za zamani zenye waya unaokwenda moja kwa moja ukutani.

Kinachoua pedali mikononi mwa wanaojifunza ni joto la chuma cha kulehemu. Nyuzi 350, sekunde tatu kwa kila mguu, kisha pumzika. Ukikaa zaidi, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, na hapo kazi ya shilingi mia tano inakuwa ya siku nzima. Kama chipu ya 808 inakusumbua roho, lehemu soketi ya miguu minane, upachike na kupachua bila moto, usikilize mwenyewe ukiwa umefumba macho. Piga picha ya bodi kwa simu kabla ya kung'oa chochote, na kila ulichotoa kibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko. Ile 0.047 yangu ilikuwa hapo hapo Jumapili jioni nilipoifuata.