Kansere ikizoea shimio, kuzimisha jeni inaweza saidia?

Munganga, mama alianza shimio (dawa za kuua kansere) vizuri, uvimbe ukapungua, sasa umerudi na dawa haifanye kazi tena. Hapa Bukavu majirani wanasema ni karuho, sumu ya kulishwa na mutu. Ni kweli?

Hapana dada yangu, si karuho, na tafazali musianze kutafuta nani alimulisha, juu hiyo inavunja familia bure. Ndani ya uvimbe seli hazifanane zote. Shimio inaua zile zaifu, zenye zinajua kujikinga zinabakia, zinazaa, na kisha miezi fulani uvimbe muzima ni watoto wao.

Zinajikinga namna gani?

Njia ni nyingi, lakini moja inajulikana tangu 1976, watafiti Juliano na Ling njo waliivumbua: ni pompa yenye inaitwa glikoproteini P. Inakaa kwenye ukuta wa seli, dawa ikiingia tu inaitupa inje, kama muvuvi mwenye mutumbwi wake umetoboka anachota maji anamwanga mu ziwa. Na haichague: doksorubisini, paklitakseli, vinkristini, zote inatoa, njo maana mara ingine wanabadilisha dawa na bado hakuna kitu.

Kuzimisha jeni ni kufanya nini?

Pompa hiyo inatengenezwa kwa maagizo ya jeni ABCB1. Seli inakopi maagizo kwenye ARN (kopi ya muda ya jeni), kisha inaisoma. Watafiti wanatengeneza kipande kidogo cha ARN, herufi karibu 21, wanaingiza ndani, na seli yenyewe inakitumia kutafuta ile kopi na kuikata. Jeni inabaki pale pale, ila pompa za zamani zikiisha mpya hazije, na dawa inabaki ndani ya seli. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mu 1998, kwa minyoo midogo sana, kwamba ARN inaweza kunyamazisha jeni hivi, wakapata tuzo ya Nobel 2006. Mu labo, seli za kansere zenye zilikuwa zimekataa doksorubisini zilianza kufa tena, na mimi hiyo inanipa matumaini ya kweli.

Basi mbona hamumupatie mama?

Juu kuifikisha njo kazi. ARN tupu inaharibika haraka mu damu, wakiifunga mu matone ya mafuta, matone mengi yanaishia kwenye maini. Patisiran, ya kwanza ya aina hii kukubaliwa Marekani mu 2018, inatibu ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, na proteini inayouleta inatengenezwa sana sana kwenye maini. Ya kansere bado. Tena pompa ile ile inalinda ubongo na matumbo ya mutu muzima, ukiizima kila mahali sumu inapita.

Kuko mutu sokoni Kadutu anauza "dawa ya jeni", tununue?

Musimupe hata franga moja! Murudie munganga wa shimio, mumuulize kama kuko dawa yenye pompa hii haiishike, mufano sisplatini, kama inafaa aina ya kansere yake. Na mubebe makaratasi yote, majina ya dawa alishapata na mara ngapi, hata kama mutavuka mupaka kwenda hospitali ya Butaro kule Rwanda.