Kilemba si Majivuno: Ninachowajibu Abiria Wangu Kila Tukisimama Makindu

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Tulitoka Nairobi alfajiri, familia ya watu saba, tukielekea Mombasa. Nilipoingia Makindu nikaegesha gari kwenye ua wa hekalu la Masingasinga kama nifanyavyo kila safari, na kabla sijazima injini mama wa familia ile akasema, "Lakini hawa watu wanapenda kujionyesha! Bendera ile, vilemba vile! Kwani dini si iko moyoni?"

Naendesha wageni kwenye barabara hii mwaka wa kumi na tisa sasa. Swali hilo nimeulizwa na wazee, wanafunzi, wachungaji, na hata walimu wa madrasa. Kila mara nimejibu kwa kifupi kwa sababu chai inapoa na safari bado ndefu. Leo najibu kwa urefu.

Nianze na bendera. Kile kitambaa kilicho juu ya mlingoti, ambacho wenyewe wanakiita Nishan Sahib, utakikuta kwenye kila gurudwara, yaani hekalu lao, duniani. Kimepandishwa juu ili kionekane kutoka mbali, na anayetakiwa kukiona ni mgeni: msafiri aliyechoka, aliyeishiwa nauli, aliyeharibikiwa na gari usiku. Kinamwambia kwamba hapa pana chakula na pa kulala, na hakuna atakayemuuliza kabila lake wala dini yake. Hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli, wakati Makindu ilikuwa kituo cha kuhudumia magarimoshi. Kazi za reli zikahamia kwingine, bendera ikabaki, na jiko hadi leo linapika. Sasa niambie, bendera hiyo tukiishusha ili wenyewe waonekane wanyenyekevu, nani atakayelala njaa? Ni utingo wa lori aliyekwama Kiboko bila shilingi mfukoni.

Kilemba nacho kina habari yake, na ndiyo inayoniudhi zaidi watu wanapoikata kwa neno moja la "kujionyesha".

Mwaka 1675 mjini Delhi, kwa amri ya mfalme Aurangzeb wa dola ya Mughal iliyotawala India, alikatwa kichwa Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa tisa wa Masingasinga. Wao husimulia kwamba alikufa akitetea haki ya Wahindu wa Kashmiri kubaki na dini yao, dini ambayo hata hakuwa yeye muumini wake. Husimulia pia kwamba siku ile wafuasi wake waliweza kujichanganya na umati wakanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwatambulisha. Mwanawe, Guru Gobind Singh, alirithi uongozi akiwa mtoto. Mwaka 1699, siku ya sikukuu ya Vaisakhi, aliwaita watu Anandpur akaanzisha jumuiya ya Khalsa na kuwapa waliojiunga nayo alama ambazo hazifichiki: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kisu na suruali fupi ya ndani. Kilemba ndicho kinachotunza nywele hizo. Tangu hapo Singasinga hawezi kujifanya hayupo. Akionewa mtu mbele yake, kila mmoja anajua kwamba alikuwepo, na anajua alifanya nini au hakufanya nini.

Watu wanaliruka jambo hili. Alama ya wazi ni deni. Mimi nisiye na alama naweza kumpita mtu aliyepata ajali Mtito Andei na nisijulikane. Mwenye kilemba akipita, habari itafika Emali kabla yake: "Kalasinga mmoja ametuona akaenda zake." Ajivunaye hutafuta sifa isiyo na gharama. Hawa wamevaa gharama kichwani, mita tano au zaidi za kitambaa kinachofungwa upya asubuhi baada ya asubuhi.

Kuna jambo jingine. Katika dola ile ya Mughal kilemba kilikuwa alama ya heshima ya watawala na wakubwa. Watano wa kwanza kujitoa pale Anandpur walitoka matabaka mbalimbali, na mmoja alikuwa kinyozi, mwingine mchota maji. Wakanywa kutoka bakuli moja, jambo ambalo desturi za matabaka zilikataza kabisa. Majina ya ukoo yaliyomtambulisha mtu kuwa wa juu au wa chini yakawekwa kando, wanaume wakaitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur. Kwa hiyo kilemba unachokiona ndicho kilichovua majivuno ya ukoo. Sisi Waswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa, maana kwetu pia kilemba ni heshima, na mahari ya arusi nyingi haitimii mpaka kilemba cha baba kitolewe.

Huwa naongeza kisa cha Uingereza, kwa kuwa kinamhusu dereva mwenzangu. Masingasinga wengi waliokwenda huko moja kwa moja kutoka India miaka ya 1950 walinyoa ili wapate kazi viwandani. Mwaka 1967 dereva wa basi mjini Wolverhampton alirudi kazini akiwa na ndevu na kilemba, akarudishwa nyumbani. Mgogoro uliendelea hadi 1969 ndipo marufuku ikaondolewa. Miaka hiyohiyo zikawa zinawasili familia za Masingasinga kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na wengi wao walishuka na vilemba vyao, maana huku Afrika Mashariki walikuwa wamevivaa vizazi viwili vitatu, wakiwa makarani, mafundi na walimu. Mtu akiacha kilemba kwa kulazimishwa na njaa, hatusemi amekuwa mnyenyekevu. Kwa nini basi anayekivaa tumwite mwenye majivuno?

Na "dini iko moyoni" nalijibu kwa jina moja: Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya mwaka 1927, akawa nguzo ya vyama vya wafanyakazi. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano wa Kaloleni jijini Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja! Waliomsikiliza pale Kaloleni walimtambua kwa kilemba, na polisi nao walimtambua kwa kilemba hichohicho. Yaliyokuwa moyoni mwake yalionekana kichwani, na gharama yake akailipa mwenyewe.

Mengine ninayosikia nitayapitia haraka.

"Chakula kile ni chambo cha kuwabadilisha watu dini." Miaka yote hii sijawahi kuona abiria wangu akihubiriwa pale. Masingasinga hawana desturi ya kutafuta waumini. Chakula cha bure, langar, kilianza tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki mwaka 1539, na shabaha yake ilikuwa tajiri na maskini waketi mstari mmoja. Hakina nyama ili yeyote aweze kukila, awe Mwislamu, Mhindu au Mkristo. Mwaka juzi bwana mmoja alikataa kushuka garini, akashinda na biskuti zake kwenye joto la Makindu huku watoto wake wanakula dengu na chapati. Nilimhurumia.

"Hawa si Wahindu tu?" Hapana. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Usingasinga ni dini yake yenyewe, yenye kitabu chake, Guru Granth Sahib, na Mungu mmoja.

"Kilemba na ndevu, huyo ni Mwislamu wa siasa kali." Kosa hili limeshaua. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi dhidi ya Marekani, Singasinga mmoja alipigwa risasi mbele ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona, na mtu aliyedhani analipiza kisasi kwa Waislamu. Na angekuwa Mwislamu kweli, kosa lake lingekuwa nini?

"Wanatembea na visu." Kisu kile, kirpan, huvaliwa na waliopokea ubatizo wa Khalsa, na wajibu uliofungwa nacho ni kumlinda mnyonge. Ukiogopa vyuma, uogope panga lililo chini ya kiti cha kila lori tunalopishana nalo.

"Makalasinga wote ni mafundi." Jina lenyewe linatokana na mfanyabiashara wa zamani aliyeitwa Kala Singh, na Tanzania wengi husema Singasinga. Ufundi una sababu: reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilileta vibarua na mafundi zaidi ya elfu thelathini kutoka India, na miongoni mwa Masingasinga waliokuja walikuwepo maseremala, wahunzi na waashi wengi. Wajukuu zao ni madaktari, mawakili, wakulima. Mmoja wa wana wao, Joginder Singh, alishinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, kilemba kichwani.

Mama yule wa wiki iliyopita alishuka. Kwa wengine mtakaopita, mbebe leso ya kufunika kichwa, wanaume pia, ingawa pale mlangoni vitambaa vya kuazima vipo. Vueni viatu. Sigara na pombe ziacheni mbali kabisa na eneo lile, hata zile zilizo mfukoni. Oshani mikono, kisha chapati ipokeeni kwa mikono miwili. Pakueni kile tu mtakachomaliza. Hili nalisisitiza mpaka watoto wananichoka, kwa sababu kuna mtu aliyeamka gizani kuukanda unga ule. Msiitoe pochi mezani. Sanduku la sadaka liko ndani kwa anayetaka, na aliye na nguvu kuliko pesa aombe kazi jikoni. Mimi huomba vyombo. Vikombe vya chai vinajaa upesi asubuhi mabasi ya usiku yanaposhusha watu, na maji ya moto yapo.