Tinkcha si ayodini

Watu wengi wakisikia "tinkcha" wanaona kichupa cha dawa ya kahawia inayochoma kwenye kidonda. Wanadhani neno lenyewe lina maana ya ayodini. Sivyo, na kosa hili si dogo: tinkcha ni dawa yoyote ambayo kiini chake kimeyeyushwa au kulowekwa katika alkoholi. Yapo matone ya afyuni yaliyoitwa laudanamu, ipo tinkcha ya vanila, zipo za mizizi na magome. Ayodini ni mojawapo tu, tena mgeni kiasi, kwani iligunduliwa mwaka 1811 na Bernard Courtois wa Ufaransa, wakati tinkcha zilikuwa zikitumika tangu zamani. Hata ile dawa ya povidoni-ayodini, iliyotengenezwa kwa maji, si tinkcha, ingawa nayo ni ya kahawia.

Asili ya neno haihusu tiba kabisa. Katika Kilatini, *tingere* ni kuchovya kitu kwenye rangi, na *tinctura* ni kule kutia rangi. Wahispania bado huita wino *tinta*. Kutoka kwa watia rangi neno likahamia kwa wanaalkemia, waliotafuta tinkcha ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Wafamasia nao wakalichukua, maana alkoholi iliyoloweka mmea hubeba rangi yake pamoja na nguvu yake.

Maana ya rangi haikufa. Kwenye ngao za nembo za Ulaya, dhahabu, fedha, nyekundu, buluu na wenzake huitwa tinkcha hadi leo.