Mguu ukikaza usiku, si lazima chumvi imepungua

Kuanzia Igombe hadi Kirumba, kwenye mialo ya Mwanza kando ya Ziwa Victoria, wavuvi wengi huamini kwamba shavu la mguu likikaza usiku, mwili umeishiwa chumvi. Basi hunywa maji ya chumvi. Imani hii ina msingi, maana kuvuta nyavu hutoa jasho jingi. Lakini mara nyingi mkazo wa usiku huhusiana na msuli uliochoka na mishipa ya fahamu inayouendesha. Jipime mguu ukikaza: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu sekunde 30. Ushike huo msuli mgumu kama jiwe. Mara nyingi utausikia ukilegea kiganjani, bila chumvi yoyote. Chumvi nyingi hupandisha presha, ndiyo maana nasisitiza. Mguu unaobaki umekakamaa baada ya kiharusi ni jambo jingine: huo unahitaji hospitali.