Wimbi P kwanza: ECG ya mgonjwa mwenye valvu iliyobana

Nikiletewa ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya mgonjwa ambaye valvu yake ya mitrali, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto cha moyo, imeharibiwa na homa ya rumatiki, macho yangu huenda kwanza kwenye wimbi P (alama ya umeme unaopita vyumba vya juu), lidi II, yaani mojawapo ya pembe ambazo ECG hutazamia moyo. Valvu ikibana, chumba cha juu cha kushoto hutanuka na umeme huchelewa kukivuka. Karatasi ikienda kwa milimita 25 kwa sekunde, wimbi hilo hufika au kupita miraba midogo mitatu, yaani sekunde 0.12, na mara nyingi huota nundu mbili. Kwenye V1, lidi ya kifuani, mwisho wake huzama. Ukikuta hapo hapo wimbi R refu (mpando wa umeme wa vyumba vya chini) na mhimili, yaani mwelekeo wa jumla wa umeme wa moyo, umeelekea kulia, shinikizo la mapafuni limeshauelemea upande wa kulia wa moyo. Ila ECG safi haithibitishi kwamba valvu ni nzima; hilo ni kazi ya ECHO, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Wimbi P likitoweka na QRS (alama za mapigo ya vyumba vya chini) zikaja bila mpangilio wowote, chumba hicho kimeacha kusukuma, kinapapatika tu. Hesabu QRS zote za sekunde 10, zidisha kwa 6, upate mapigo kwa dakika. Zikifika 150, mapafu yanaweza kujaa maji upesi, kwa sababu moyo unaokwenda mbio hauipi damu muda wa kupenya kwenye tundu dogo la valvu. Usipoteze muda kujumlisha alama za hatari ya kiharusi. Kama valvu imebana kwa kiwango cha kati au zaidi, dawa ya kuzuia damu kuganda inahitajika, hata kwa binti wa miaka 20. Dawa hiyo ni warfarini, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Utafiti wa INVICTUS, mwaka 2022, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia warfarini na dawa za kundi lake kuliko kwa waliopewa rivaroxaban, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda.

Kinachonitia hofu zaidi ni mpapatiko uliotulia ghafla. Mgonjwa anatumia digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na leo QRS zimepangika vizuri, 45 kwa dakika. Watu hufurahi. Tafadhali, tafuta wimbi P kabla ya kumruhusu aende nyumbani. Kama halipo, huenda njia ya umeme kuelekea vyumba vya chini imefungwa kabisa, na digoksini ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sitisha dozi, pima potasiamu na figo, muulize kama anatapika au anaona vitu vya njano. ST (sehemu ya mchoro inayofuata QRS) iliyobonyea peke yake isikutishe: inaonyesha tu kwamba dawa anaimeza.