Mavi ya chuma kwenye zege: si kila slagi inafaa

Mavi ya chuma, au slagi (mabaki ya kuyeyusha chuma), yanaweza kushika nafasi ya nusu ya saruji kwenye zege. Lakini si slagi yoyote. Inayofaa hutoka kwenye tanuru linaloyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki, ikiwa uji wa moto wa nyuzi 1,500 hivi, kisha ikapozwa ghafla kwa maji mengi. Hapo inakuwa chembe za kioo, mfano wa mchanga mnene wa pwani. Ikisagwa vizuri hutoa unga mweupe unaoshika. Ikiachwa ipoe yenyewe huganda kuwa jiwe: hiyo ni kokoto tu.

Afrika Mashariki kosa linaanzia hapa. Viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu kwa tanuru za umeme. Mabaki yake ni meusi, mazito, mara nyingi sumaku huyanasa, na yanaweza kuwa na chokaa huru inayovimba baadaye na kupasua zege. Hata uyasage vipi, hayawi saruji. Mimi sipokei unga usio na cheti: kwa kiwango cha Ulaya cha slagi ya zege, EN 15167, mchanganyiko wa nusu kwa nusu ufikie walau asilimia 70 ya nguvu ya saruji tupu siku ya 28.

Soma na mfuko wa saruji. Ukiandikwa CEM II au CEM IV, kiwandani wameshachanganya pozolana (kama majivu ya volkano) au unga wa mawe, na ukiongeza slagi utabaki na saruji kidogo mno. Nunua CEM I 42.5, yaani saruji isiyochanganywa, maana slagi huamshwa na chokaa ambayo saruji huitoa ikikutana na maji.

Kwa mita moja ya ujazo: saruji kilo 175 (mifuko mitatu na nusu), slagi kilo 175, maji lita 158, ukitoa yaliyomo tayari kwenye mchanga. Slagi ni nyepesi kidogo kuliko saruji, hivyo unga unachukua nafasi zaidi kama lita 5, kwa hiyo punguza mchanga kilo 13. Tumia mizani, si ndoo.

Kinachoharibu zaidi ni haraka. Zege hili hukomaa polepole; fundi akiondoa nguzo za muda zinazoshikilia slabu kwa siku alizozoea, slabu italegea. Tengeneza vipande vya zege vya kupima nguvu vya siku ya 7, 28 na 56, navyo ndivyo viamue. Funika kwa magunia mabichi siku 10 bila kukauka, la sivyo uso utatoa vumbi.

Ukifungua mbao ukaona rangi ya kijani-buluu, usishtuke: ni salfaidi ya slagi, na hufifia ikipigwa na hewa.