Kabla mbwa jike wako hajaingia joto la kwanza

Malkia aliletwa kliniki kwetu asubuhi moja akiwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, kutoka Goba. Mama mwenye mbwa alisema wiki nzima Malkia alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, bakuli likijazwa linakauka, lakini ilikuwa Desemba na jua la Dar es Salaam linajulikana, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulimwingia aliposusa hata dagaa. Nilipomgeuza nikaona usaha umegandia kwenye manyoya ya mapaja. Nikauliza: mara ya mwisho alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, lini?

"Kama mwezi mmoja na nusu hivi, daktari."

Jibu hilo lilitosha kunielekeza. Kila baada ya joto, homoni huuandaa mfuko wa uzazi kupokea mimba hata kama jike hakupandwa. Kuta zake zinanenepa, mlango unafunga, na bakteria waliokwisha kuingia wanapata mahali pazuri pa kuzaliana. Mfuko wa uzazi wa mbwa una pembe mbili, na akiwa mzima kila pembe ni nyembamba kama penseli. Za Malkia zilikuwa nene kuliko kifundo cha mkono wangu, zimejaa usaha. Tulimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo na alipona. Wengine hufikishwa sumu ikiwa imeshasambaa kwenye damu, na hao tunawapoteza. Jike aliyefungwa kizazi mapema, yaani kuondolewa ovari na mfuko wa uzazi akiwa mzima, hapati ugonjwa huu.

Wengi jijini tunataka dume la kulinda geti. Jike anabaki wa mtaa, na mtaa ndio unaobeba matokeo. Jike huanza kuingia joto akiwa na miezi 6 hadi 12, kisha hurudia takribani kila miezi 6. Mimba huchukua siku 63 hivi, na kuzaa watoto 5 au 6 kwa mkupuo ni jambo la kawaida. Nimewahi kuitwa Madale kuangalia kiroba kilichotupwa kando ya korongo, kimefungwa kamba. Ndani mlikuwa na watoto wanne, macho hayajafumbuka, watatu wakiwa bado hai. Aliyewatupa huenda si mtu katili. Huenda alikosa tu pa kuwapeleka.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: dume akihasiwa si atakuwa goigoi, mwizi aingie? Hapana. Mbwa hulinda kwa sababu anapajua kwake na watu wake, na hilo halimo kwenye korodani. Kinachopungua mara nyingi ni kutoroka usiku kufuata majike, kupigana njiani na kukojolea kila nguzo. Dume asiyetoroka ndiye anayekuwepo nyumbani mwizi anapokuja. Ila mbwa anayeng'ata kwa sababu ya woga, au kwa sababu alilelewa kwa kipigo, kisu hakitamtibu.

Dume anayezurura hurudi na jambo jingine pia. Ukiona matone ya damu kwenye uume wake siku baada ya siku, usidhani ni jeraha tu. Kuna saratani inayoambukizwa kwa kupandana, hata kwa kunusana na kulambana. Huota kama ua la koliflawa, laini, linalovuja damu ukiligusa. Inatibika vizuri kwa sindano za kila wiki, lakini matibabu yanachukua wiki kadhaa na fedha zake si kidogo.

Tafadhali usimchome mbwa sindano za uzazi wa mpango za binadamu. Najua zinapatikana kwa urahisi na zinaonekana rahisi kuliko upasuaji. Homoni iliyomo ni ya jamii ile ile inayouandaa mfuko wa uzazi kujaa usaha, na inaongeza uwezekano wa uvimbe kwenye matiti. Vivyo hivyo kuhasi kwa wembe bila ganzi, kama wengine walivyozoea kwa mifugo. Ni mateso, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Upasuaji huu unafanywa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mbwa akiwa amepewa nusu kaputi.

Kwa mbwa wetu wa kawaida, miezi 6 hivi ni umri mzuri. Jike akifungwa kizazi kabla ya joto la kwanza, hatari ya uvimbe wa matiti hupungua sana. Mbwa wa maumbo makubwa, kama German Shepherd au Boerboel, zungumza na daktari kwanza, maana mara nyingi ni bora viungo vikomae, mwaka mmoja au zaidi. Baadhi ya majike, hasa wa maumbo makubwa, huja kuvuja mkojo ukubwani, na mbwa wengi hunenepa upesi, kwa hiyo punguza ugali.

Kabla ya kisu, sisi wa Pwani tuna suala la kupe. Homa ya kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu, na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvuja damu mezani. Funua mdomo wake: fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi, mwambie daktari. Mbwa aliyekomaa asile usiku wa kuamkia upasuaji. Kurudi nyumbani kodi bajaji au gari, si bodaboda; mbwa aliyelewa dawa hawezi kujishikilia. Mlaze kivulini, pakavu, asioge wala kulamba kidonda, hadi nyuzi zitoke baada ya siku 10 hadi 14.

Kadi ya chanjo njoo nayo. Kufunga kizazi hakuzuii kichaa cha mbwa, na ili ugonjwa huo ukomeshwe, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Na kama umehasi dume, mtenge na majike kwa wiki 6 hivi, kwa sababu mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinaweza kutunga mimba.